Nishani ya Daktari na Jina Lililo Ukingoni



Wapo watu huko London ambao wakishika nishani ya vita hawana haja na kichwa cha mfalme kilichochorwa usoni mwake. Wanaigeuza ubavu, wanaisogeza kwenye taa, wanatafuta herufi ndogo zilizogongwa kuzunguka ukingo. Hapo ndipo jeshi la Waingereza lilipokuwa likiandika jina la mtu, cheo chake na kikosi chake. Wakikuta herufi R.A.M.C., kikosi cha matabibu wa jeshi la Uingereza kilichoundwa 1898, au I.M.S., idara ya tiba ya India, hawakai kitini tena. Hao ni wakusanyaji wa nishani za madaktari wa jeshi. Nawaleta kwenye kipindi leo kwa sababu sehemu ya wanavyovigombania minadani vilipatikana kwetu: Mwele, Nandi, Handeni, Kilwa.

Mtu atauliza, kwa nini daktari? Mkusanyaji mpenda vita angetafuta ya mpiga bunduki, na mpenda ukubwa angetafuta ya jenerali.

Jibu la kwanza ni la heshima. Nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza ni Msalaba wa Victoria, na tangu ilipoanzishwa 1856 ni watu watatu tu waliowahi kuipata mara mbili. Wawili kati yao walikuwa madaktari. Arthur Martin-Leake aliipata ya kwanza Februari 1902 katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, kwa kumhudumia majeruhi huku risasi zikimwagika kutoka umbali wa yadi mia moja hivi, na ya pili Ubelgiji mwishoni mwa 1914. Mwingine ni Noel Chavasse, aliyekufa kwa majeraha Agosti 1917. Nishani za Chavasse ziliuzwa 2009 kwa karibu pauni milioni moja na nusu. Kila mwenye nishani ya tabibu kabatini huwaza kwamba na yeye ameshika kipande cha nasaba hiyo, hata kama yake ni ya luteni aliyepima mkojo wa makarani Mombasa vita vikaisha.

Jibu la pili ni la kikarani, nami ndilo ninalolipenda. Madaktari wameandikwa. Mtu anayeitwa D. G. Crawford alitoa mwaka 1930 kitabu kizima cha orodha ya madaktari wa I.M.S. tangu 1615, na wale wa jeshi la Uingereza wana orodha zao zinazoanzia karne ya kumi na saba. Ukipata jina ukingoni, siku hiyohiyo unaweza kujua alizaliwa wapi, alisoma chuo gani, alipanda cheo lini, alikufa kwa nini. Askari wa kawaida hana bahati hiyo. Mabomu ya Wajerumani yaliichoma ghala ya kumbukumbu za jeshi London 1940, na sehemu kubwa ya mafaili ya askari wa vita vya kwanza ikageuka majivu.

Jibu la tatu hulisikia kila wakizungumza, na hapa ndipo tunapoachana njia. Wanasema nishani ya daktari ni nishani safi: huyu hakuua, huyu aliponya, ukiiweka sebuleni huoni aibu mbele ya mgeni. Mimi nasema tuisome kwanza hiyo nishani.

Tuanze na ya pwani. Mwele ni kilima chenye msitu huko Kwale. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gasi, alifarakana na Waingereza baada ya ugomvi wa urithi wa Takaungu, akajichimbia huko. Agosti ya mwaka huo Admirali Harry Rawson alipanda na mabaharia wake na askari wa Zanzibar, akaivunja ngome. Hata Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani wa Zanzibar, alijeruhiwa humo. Mwaka uliofuata wakaletwa askari kutoka India kumalizia kazi, na Mbaruk akavuka kwenda kwa Wajerumani. Akafia Dar es Salaam 1910.

Waliopigana upande wa Waingereza walipewa nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi, ya fedha, yenye utepe wa manjano na mistari myeusi. Kawaida ya nishani hii ni kubandikwa kibao chembamba cha fedha juu ya utepe, kikitaja mahali na mwaka. Mwele haikupewa kibao. Iligongwa ukingoni, pamoja na jina la mwenye nishani. Mnunuzi asiyejua ataiona tupu, haina kibao, ataidharau na kuiacha mezani; anayejua atanyamaza kimya na kutoa pesa. Nyuma yake kuna picha ya askari wa Kiingereza wakipambana na Waafrika msituni. Picha ni hiyo moja, awe mwenyewe alishika bunduki au mkasi wa kukatia bendeji. Na admirali ni yuleyule aliyeshusha mizinga juu ya kasri la Zanzibar Agosti 1896, kisha akaenda kuuteketeza mji wa Benin 1897. Huko kibao kilitolewa, kimeandikwa Benin 1897, juu ya nishani ileile.

Nisisahau, Sultani wa Zanzibar, Seyyid Hamad bin Thuwaini, naye alitoa ya kwake 1896 kwa askari wake waliopigana bara: fedha, utepe mwekundu, na vibao vinne kwa herufi za Kiarabu, Pumwani, Jongeni, Takaungu na Mwele. Vita vimoja, nishani mbili, na zote mbili za upande mmoja.

Tuje bara. Nishani ya Afrika ya 1902 ina sanamu ya mwanamke Britannia amenyoosha tawi la mtende, ishara ya amani, kuelekea jua linalochomoza. Juu ya utepe, kibao: Nandi 1905-06. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa suluhu, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na ofisa wa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, na baada yake yakafuata majuma ya kuswaga ng'ombe na kuchoma vijiji. Kila safu iliyotoka ilihitaji mganga wake. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha askari wanaweza kuamka kesho na kwenda tena. Simlaumu daktari kwa kutibu. Angefanya nini kingine? Ninachokataa ni kumtoa katika safu hiyo na kumweka peke yake kwenye kisanduku cha mahameli kana kwamba alikuwa mpita njia. Nishani hiyohiyo ya 1902 ndiyo waliyopewa madaktari wa jeshi waliotumikia wakati wa Mau Mau, na kibao chake cha mwisho kabisa kinasema Kenya tu, neno moja. Waliochanja watoto na waliopima wafungwa kizuizini, nishani haiwatofautishi.

Wajerumani nitawapitia haraka, kwa sababu zao hazisomeki. Kaisari alianzisha 1912 nishani ya makoloni yenye vibao vya vita, na kimojawapo ni cha Afrika Mashariki 1905/07, yaani Maji Maji. Ila Wajerumani hawakuwa na desturi ya kugonga jina. Bila hati yake, hujui kama ilikuwa ya daktari, sajini au karani wa posta. Ndiyo maana wakusanyaji wa matabibu huambaa upande wa Waingereza.

Sasa vita vya 1914. Hapa nitatulia kidogo.

Seti ya kawaida ya daktari aliyekuja kupigana huku ni nishani mbili: ya fedha, yenye mpanda farasi uchi akikanyaga ngao ya adui, na ya shaba yenye malaika wa ushindi na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Ukingoni, CAPT. na jina, bila kikosi. Usibabaishwe na ukapteni huo. Daktari wa kiraia aliyejiunga kwa mkataba aliingia kama luteni, na akimaliza mwaka mmoja alipandishwa kuwa kapteni. Cheo kinakueleza alidumu mwaka, basi. Tena maofisa walitakiwa kuziomba nishani zao wenyewe, tofauti na askari waliotumiwa nyumbani. Wapo madaktari ambao hawakuwahi kuandika barua ya kuomba. Nawaheshimu kwa uvivu huo, au kwa chochote kile kilichowazuia.

Mmoja wa madaktari hao alikuwa mwandishi wa riwaya, Francis Brett Young. Aliwekwa kuwa tabibu wa kikosi cha pili cha Rhodesia, akashuka na jeshi la Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, mwaka 1916 kando ya mto Pangani kuelekea Handeni, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kiitwacho Marching on Tanga. Jina la kitabu lataja Tanga, na Tanga yenyewe hakufika. Homa ilimshika, akarudishwa kwao, na uganga ukamshinda tangu hapo.

Kikosi alichokitibu kina hesabu inayoeleza vita hivyo kuliko kitabu chochote. Walipita humo watu 1,038. Waliouawa vitani 36, waliojeruhiwa 84, waliokufa kwa maradhi 32. Kisha sikilizeni hii: visa vya ugonjwa vilivyoandikwa ni 10,626. Ni kama kila mtu aliugua mara kumi. Kikosi cha tisa cha Afrika Kusini kilifika Februari 1916 na watu 1,135. Ilipofika Oktoba waliokuwa na uwezo wa kusimama kazini ni 116. Adui hakuwamaliza hawa. Iliwamaliza malaria, kuhara damu, na njaa, kwa sababu mbung'o aliua farasi na nyumbu, na chakula kikakwama nyuma.

Katika vita vya namna hiyo kwinini ni risasi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alilielewa hilo. Manowari za Waingereza zilipofunga bahari, kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kikachemsha magome ya mkwinini na kutoa maji machungu ambayo askari waliyabatiza pombe ya Lettow. Asiyeyameza alilala njiani. Daktari aliyesimamia kijiko hicho alifanya kazi ya kivita sawasawa na mpiga mzinga, na pengine iliyo na faida zaidi. Kwa hiyo ninapoiona nishani ya tabibu wa huku sioni huruma iliyopotea njia katikati ya wauaji. Naona kiungo cha jeshi, kiungo ambacho bila hicho jeshi lingekaa chini.

Na jeshi hilo lilibebwa kichwani. Hapa mkusanyaji wa London huwa amekwisha kulifunga sanduku lake, nami ndipo ninapotaka alifungue. Kufuatana na hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa upande wao walizidi elfu tisini, na wengi wao walikufa kwa maradhi. Sababu nyingine ilikuwa ndogo kama punje: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa nusunusu kwa sababu jioni hakuna kuni wala muda, ukaingia matumboni mwa watu ambao kwao hawakuwa wakila mahindi. Wakaharisha hadi kufa. Madaktari waliliandika jambo hilo katika ripoti zao, na waliloweza kulirekebisha wakalirekebisha, lakini hospitali za wapagazi zilikuja zikiwa zimechelewa na watumishi haba.

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la jeshi hilo la wapagazi. Mpagazi yupo pia kwenye mnara wa askari katikati ya Nairobi, wa shaba, hana jina. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakiutumikia utawala wa Waingereza katika vita vile, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa popote. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Sasa pima: soko la nishani linalipa kwa jina. Jina la kapteni liko ukingoni, liko kwenye orodha za madaktari, liko kwenye kadi za nishani katika hifadhi ya nyaraka za taifa kule Kew, London. Jina la aliyebeba machela yake liliishia kwenye daftari la posho, kama lilifika huko. Bei ya mnadani inafuata kalamu ya karani wa jeshi wa 1917.

Katikati ya kapteni na mpagazi kulikuwa na watu ambao hawatajwi sana. Wapo matabibu wasaidizi wa Kihindi, wale waliotibu vituo vya Keya bara miaka mingi kabla ya vita, mara nyingi wakiwa ndio daktari pekee katika mwendo wa siku kadhaa. Halafu Uganda, mwaka 1917, daktari wa serikali G. J. Keane aliunda kikosi cha tiba cha Waafrika. Aliwatoa vijana wasomi kwenye shule za misheni, wakiwemo wa Budo, akawafundisha kufunga vidonda, kutoa dawa, kutunza daftari la wagonjwa, wakateremka kusini hadi kwenye kambi za kuhara damu. Hao ndio walioonyesha serikali kwamba kijana wa hapa anaweza kufundishwa udaktari. Makerere ilipofunguliwa 1922 haikuchukua muda mafunzo ya tiba yakaanza. Ningepewa fedha za kununua nishani moja tu maishani, kapteni ningemwachia mwenzangu, nami ningesubiri ya dresa mmoja wa Keane, hata kama utepe umeoza.

Labda wapo wanaonisikiliza ambao wana nishani ndani ya kikopo au kwenye kitambaa juu ya kabati. Kwenu nyinyi nina maneno ya kiutendaji.

Msiisugue. Jivu, mchanga wa kusugulia sufuria, dawa ya shaba ya dukani, vyote hula herufi za ukingoni kidogokidogo mpaka jina linakuwa ukungu. Isomeni kwa kioo cha kukuzia mkaandike kila herufi, pamoja na vifupisho msivyovielewa. Msimpe sonara aipime kwanza, maana sonara hupima fedha, hapimi babu. Mwaka 1980 bei ya fedha ilipopaa duniani, nishani nyingi sana za vita vya kwanza ziliyeyushwa Uingereza kwenyewe, na wenyewe wakapokea noti chache.

Msizitenganishe. Nishani za mtu mmoja ni kama doti ya kanga: ukiuza kipande kimoja Tanga na kingine Mombasa, umeuza vitambaa. Wafanyabiashara wapo wanaonunua moja moja kisha wakaunganisha zisizohusiana, na wengine hukwangua jina la mtu asiye na soko wakagonga la daktari. Mkusanyaji makini huvuta kipimo na kupima upana wa nishani, kwa sababu iliyokwanguliwa huwa imepungua. Msalaba wa Kijeshi, ambao madaktari wengi walipewa vita vya kwanza, ulitolewa bila jina kabisa. Ukiuona una jina, aliyeligonga ni familia au ni tapeli, na gazeti la serikali la London ndilo la kuamua.

Na kwa familia za askari wa vita vya pili, wale wa Abisinia na Burma, wakiwemo wauguzi na madereva wa kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki, habari ni mbaya zaidi. Serikali ya London iliamua kutogonga majina kwenye nishani za vita hivyo. Nyota ya Burma ya babu yako inafanana na nyota ya kila mtu aliyekwenda Burma upande wa Waingereza. Kinachomfunga nayo ni ile hati ya kuachishwa jeshi, yenye namba, kikosi na alama ya dole gumba, ambayo nyumba nyingi ziliitupa zikahifadhi chuma kwa sababu chuma kinang'aa. Kama hati bado ipo, ipigeni picha leo, pande zote mbili, mkaihifadhi mahali pasipo mchwa. Na jamaa akija kutoka mjini akitaka kununua nishani, mwulizeni kwanza anataka na karatasi au hataki. Asiyeitaka karatasi anakwenda kwa sonara.